Shaba imegoma kutoka majini: je, viputo vya hewa vitasaidia?

Swali la msomaji: "Injinia, habari za kazi. Tuna karakana ndogo ya kupaka vyuma shaba na nikeli hapa Arusha. Maji tunayosuuzia baada ya beseni la shaba huwa ya buluu, na maabara walinipa jibu kwamba yana shaba kama gramu 1 kwa lita. Ili niitoe shaba hiyo kwa umeme, nimetengeneza tangi la lita 200, nimetumbukiza kathodi (bamba za upande hasi) 4 za stenlesi za sentimita 50 kwa 50 na anodi (za upande chanya) 5, nikawasha ampea 80. Siku ya pili maji bado ni ya buluu. Kathodi zinatoka povu jingi, na badala ya bamba la shaba napata unga mweusi kama masizi unaodondoka chini. Jamaa mmoja ameniambia niingize hewa kama wanavyofanya watu wa matangi ya samaki. Ni kweli itasaidia? Hewa kiasi gani, na bomba nilipange vipi?"

Jibu:

Ndugu yangu, jamaa yako amekwambia kweli, ila ameishia njiani. Hewa itakusaidia sana, tena katika tangi kama lako kuliko katika viwanda vikubwa. Lakini hewa ina gharama ambazo hazionekani kwenye bili ya umeme, na ukiipanga vibaya utakuwa umenunua kelele tu.

Kabla ya yote, jambo moja ambalo hukuligusa. Kuna beseni za shaba za aina mbili: za asidi, yaani mrututu (salfeti ya shaba) na asidi ya salfuriki, na za sianidi. Kama karakana yako ina beseni la sianidi hata moja na maji yake yanaweza kufika kwenye tangi hili, acha kila kitu. Sianidi ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua mtu palepale aliposimama, na hewa utakayopuliza itaifukuza kutoka majini iingie puani mwako haraka zaidi. Yote nitakayosema hapa chini ni ya maji ya mrututu na asidi peke yake.

Sasa tuje kwenye tatizo lenyewe. Umeona maji ya buluu tangi zima ukadhani kathodi imezungukwa na shaba. Imezungukwa kweli, lakini kwa mbali. Maji yanayogusa bamba lenyewe hayana shaba. Mara tu umeme unapowaka, ioni za shaba (chembe zake zenye chaji) zilizo karibu hugeuka shaba ngumu na kushika kwenye bamba, na nafasi zao lazima zijazwe na nyingine kutoka nyuma. Pale karibu na bamba maji hayatembei. Yameshikana na ukuta kama uji ulioganda kwenye sufuria. Ioni inalazimika kupenya utando huo kwa kusambaa yenyewe, polepole, kama harufu ya vitunguu inavyohama kutoka jikoni hadi sebuleni bila upepo. Mwanakemia Walther Nernst aliuweka utando huu katika hesabu mwaka 1904, na mpaka leo tunauhesabu kwa njia yake, ingawa tunajua kwamba kwa kweli hauna mpaka mkali kama anavyouchora.

Katika tangi lisilokorogwa, utando huu una unene wa milimita 0.2 hivi. Unaonekana mdogo, lakini kwa ioni ni safari ndefu. Kasi ya shaba kusambaa majini, kwenye joto la kawaida, ni kama 0.7 ya milimita ya mraba kwa kila sekunde elfu moja. Ukizidisha kasi hiyo kwa ukolezi wako wa gramu 1 kwa lita, ukagawanya kwa unene wa utando, ukaingiza namba ya Faraday (kulomu 96,485 kwa moli, na shaba hula elektroni mbili), unapata kwamba bamba lako haliwezi kupokea shaba kwa zaidi ya ampea 10 na nusu hivi kwa mita ya mraba. Wewe una kathodi 4, pande mbili kila moja, jumla mita za mraba 2. Kwa hiyo ampea zinazoweza kufanya kazi ya shaba ni kama 21. Umewasha 80.

Zile 59 zilizobaki zimekwenda wapi? Umeziona kwa macho yako: ndilo lile povu kwenye kathodi. Umeme ukikosa shaba huvunja maji na kutoa haidrojeni. Na unga mweusi nao unatoka hapohapo. Shaba ikiwa haba ukutani, kila kijinundu kilichochomoza kidogo kwenye bamba huwa karibu zaidi na chakula kuliko wenzake, hivyo hukua haraka zaidi, kikazidi kuchomoza, kikazidi kula. Baada ya saa chache bamba limeota manyoya. Manyoya hayo hukatika, ndiyo masizi unayoyazoa chini ya tangi. Si uchafu, ni shaba yako.

Na hesabu inazidi kukukaba kadiri saa zinavyokwenda. Shaba ikifika nusu gramu kwa lita, bamba linapokea ampea 10 tu, wewe bado unapeleka 80. Kutoa asilimia 90 ya shaba kwenye tangi lako bila kukoroga kunahitaji si chini ya saa 18 mfululizo, hata ungeongeza ampea ziwe 500. Nakubali kwamba haidrojeni yenyewe inakoroga kidogo inapopanda, kwa hiyo tangi lako huenda linafanya vizuri kuliko nilivyolipigia hesabu. Kwa upande mwingine, maji mepesi kama yako yana kidogo mno ule mzunguko wa asili unaotokana na tofauti ya uzito kati ya maji yenye shaba na yaliyoishiwa shaba, kwa hiyo utando wako unaweza kuwa mnene kuliko milimita 0.2. Mambo haya mawili yanavutana. Chukua saa 18 kama makadirio ya fundi.

Linganisha na wenzetu wa Katanga, kule Kongo, ambako kazi hii ni ya zamani. Kiwanda cha Shituru pale Likasi kilianza kutoa shaba kutoka kwenye asidi kwa umeme mwaka 1929, na cha Luilu karibu na Kolwezi mwaka 1960. Katika viwanda vya aina hiyo duniani, maji huingia na shaba ya gramu 35 au hata 50 kwa lita, yakiwa na joto la nyuzi 40 na kitu, na bamba hupewa ampea 250 hadi 350 kwa mita ya mraba. Shaba yao ni nzito mara 35 hadi 50 kuliko yako, ndiyo maana wanaweza kupeleka umeme mwingi hivyo na bado wakavuna bamba laini la rangi ya waridi. Tena anodi zao hutoa viputo vya oksijeni vinavyopanda na kuyavuta maji juu, kwa hiyo wanakorogewa bure. Anodi zako nazo hutoa oksijeni, lakini kwa ampea chache namna hiyo viputo ni vichache.

Hapo ndipo hewa inapoingia. Kiputo cha milimita 2 au 3 hupanda majini kwa sentimita 20 na zaidi kwa sekunde. Kinapopita kando ya bamba hufanya kazi mbili. Kwanza kinaburuta maji nyuma yake, na mkia huo wa maji yanayozungukazunguka hulamba ule utando na kuupunguza. Pili, viputo vingi kwa pamoja hufanya maji yaliyo kati ya bamba kuwa mepesi kuliko ya pembeni, kwa hiyo maji yote hupanda katikati na kushuka kwenye kuta: tangi zima linazunguka. Utando unaweza kushuka kutoka milimita 0.2 hadi 0.05. Ukirudia hesabu ile ile kwa 0.05, bamba zako sasa zinapokea ampea 85 mwanzoni badala ya 21, na zile saa 18 zinakuwa 4 na nusu. Ndiyo maana nilisema hewa inakufaa wewe zaidi: mwenye shaba nyingi anaitumia kuboresha, wewe bila hiyo kazi haiendi.

Lakini usiniamini kwa hesabu tu. Fanya jaribio la mwiko kabla hujanunua hata elbo moja. Punguza umeme mpaka kathodi ziache kutoa povu kabisa, kisha uifunge rektifaya (mashine inayolisha tangi umeme) kwenye volti hizo isibadilishe. Tazama ampea. Chukua mwiko wa mbao, koroga kwa nguvu karibu na kathodi moja, huku mwenzako akisoma mita. Sindano ikiruka unapokoroga na kurudi unapoacha, tatizo lako ni usafirishaji, na hewa ni dawa yake. Isiposogea, usipoteze pesa kwenye hewa. Tafuta viunganishi vilivyooza kwa asidi, au asidi iliyo haba kiasi kwamba maji hayapitishi umeme. Ukifanya jaribio hili povu likiwa bado linatoka, halitakwambia kitu, kwa sababu haidrojeni itajaza pengo lolote na mita itatulia kama vile mambo ni mazuri.

Jambo ambalo watu wengi hukosea ni kudhani hewa ikiwa nyingi ndipo kazi inakuwa nzuri. Mtafiti Norbert Ibl na wenzake kule Zürich walilipima hili katika miaka ya 1970, na wengine wengi baada yao: kasi ya shaba kufika kwenye bamba hupanda kidogo sana hewa inapoongezwa. Ukizidisha hewa mara mbili, faida ni asilimia 20 hivi. Ukizidisha mara nne, asilimia 40. Hatua kubwa ni ile ya kwanza, kutoka kutokuwa na hewa hadi kuwa nayo kidogo. Kwa hiyo pesa yako iweke kwenye mpangilio wa bomba, si kwenye ukubwa wa mashine.

Kwa tangi la lita 200 nakushauri lita 60 za hewa kwa dakika. Sasa usikimbilie kompresa ya gereji. Kompresa ya pistoni hutema ukungu wa mafuta, na mafuta yakifika kwenye kathodi shaba haishiki vizuri, inabambuka kama rangi iliyopakwa kwenye ukuta wenye unyevu. Chujio la mafuta lipo, lakini husahaulika, na siku likijaa hutajua mpaka uone bamba. Hapa jamaa yako wa samaki anakufaa kweli: ile pampu ya hewa ya diaframu wanayotumia wafugaji wa samaki haina mafuta kabisa, inakula umeme wa taa chache, na inasukuma dhidi ya kina kama chako bila shida. Bomba likiwa sentimita 60 chini ya maji, unahitaji shinikizo la kilopaskali 6 kwa ajili ya maji na kidogo zaidi kwa ajili ya matundu. Nunua inayotoa lita 60 kwenye kilopaskali 8 au 10. Ile iliyoandikwa lita 60 bila kutaja shinikizo itakupa lita 60 ikiwa inapuliza hewani tu.

Bomba liwe la PVC la nusu inchi, asidi baridi hailifanyi kitu. Weka bomba moja chini ya kila kathodi, likilala sambamba nayo, sentimita 5 hadi 8 chini ya ukingo wake. Toboa matundu 16 kwa kila bomba, 8 kila upande, yakiangalia chini kwa mshazari ili viputo vitoke na kupanda kandokando ya nyuso zote mbili za bamba. Kuangalia chini kuna sababu nyingine: unga wa shaba na fuwele za mrututu zikiingia ndani ya bomba, hewa huzitema. Matundu yanayoangalia juu ni kikombe cha kukusanyia takataka.

Na matundu yawe ya milimita 1. Biti za namna hiyo utazipata kwa mafundi wa saketi za redio na simu. Najua utashawishika kutumia biti ya milimita 3 iliyopo kwenye sanduku, kwa sababu zile ndogo zinavunjika. Usikubali. Tazama kwa nini. Matundu 64 ya milimita 1 yakipitisha lita 60 kwa dakika, hewa hutoka kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, na kila tundu huleta upinzani sawa na kina cha sentimita 7 za maji. Bomba likiinama sentimita 1, upande uliozama zaidi unapungukiwa hewa kidogo tu. Kwa matundu ya milimita 3, hewa ile ile hutoka polepole na upinzani wa tundu haufiki hata milimita 1 ya maji. Bomba likiinama kidogo tu, hewa yote inatokea mwisho ulio juu na nusu ya matundu yanakufa.

Hili limenipata. Miaka kadhaa iliyopita nilifunga bomba la matundu makubwa kwenye tangi la majaribio, nikaridhika kwa sababu juu ya maji palikuwa panachemka kama chungu cha makande. Siku iliyofuata nikatoa kathodi. Upande wa kushoto palikuwa na mistari ya wima ya shaba ing'aayo, kila mstari juu ya tundu lake, na katikati ya mistari rangi ya kahawia. Upande wa kulia ulikuwa mweusi wote, unafutika kwa kidole. Maji yaliyochemka juu yalinidanganya; bamba halikudanganya. Tangu siku hiyo siangalii uso wa maji, naangalia kathodi. Viwandani walikuwa na ujanja wa kitaalamu zaidi wa kusoma bamba: watafiti Ettel, Tilak na Gendron, mwaka 1974, waliweka madini ya fedha kidogo sana kwenye maji ya shaba. Fedha hushika kwenye bamba kwa kasi ile ile inayofika, haina hiari, kwa hiyo walipokata bamba vipandevipande na kupima fedha katika kila kipande walijua ni wapi maji yamekorogwa na ni wapi yamelala. Wewe huna haja ya fedha. Mistari ya rangi itakutosha.

Acha nafasi ya maji kurudi chini. Bamba zako zina sentimita 50 na nadhani tangi lina upana wa 60 hivi, kwa hiyo kila upande una sentimita 5, zinatosha. Lakini kama umeziba pembeni kwa vishikizo vya plastiki, vitoboe. Maji yanayopanda lazima yapate pa kushukia, la sivyo viputo vinapanda peke yao na maji yanacheza palepale. Kuhusu hofu kwamba hewa itazuia umeme: kwa lita 60 katika tangi hili, hewa inachukua asilimia 1 na kitu ya ujazo. Volti zitapanda kiasi ambacho huenda mita yako isikionyeshe.

Sasa gharama zenyewe. Viputo havichagui cha kubeba. Vinaipeleka shaba kwenye bamba haraka, na vinapeleka haraka vilevile kila kitu kingine kinachopenda elektroni. Cha kwanza ni oksijeni ya hewa hiyohiyo unayopuliza. Huyeyuka majini, hufika kwenye kathodi, na hula umeme bila kutoa shaba. Nimeipigia hesabu kwa mwinuko wa Arusha: karibu ampea 5 kwa mita zako 2 za mraba. Shaba ikiwa gramu 1 hutaihisi. Shaba ikishuka hadi gramu 0.06 kwa lita, oksijeni na shaba zinagawana umeme nusu kwa nusu. Cha pili ni chuma. Kama bidhaa zako zinadondosha kutu kwenye maji, chuma hicho kinakwenda anodi kinapata chaji, kinarudi kathodi kinaipoteza, kinakwenda tena, siku nzima kinasafiri kwa nauli yako. Kukoroga kunamwongezea mwendo msafiri huyo. Dawa ya chuma si hewa, ni kuosha vyuma vyako vizuri kabla ya beseni.

Naitrojeni ingekuokoa kwenye ile oksijeni, lakini mitungi yake itameza thamani ya shaba yote utakayopata. Sahau.

Ampea uzipange hivi. Bamba sasa lina uwezo wa 85, lakini ukilipeleka hadi ukingoni utapata unga tena, kwa sababu ile habari ya vinundu haijafutwa, imesogezwa mbele tu. Kaa kwenye theluthi moja, na usivuke theluthi mbili. Anza na ampea 35 kwa saa 3 kasorobo: 30 za shaba, 5 kodi ya oksijeni. Ampea moja kwa saa moja hutoa shaba gramu 1.186, kwa hiyo hatua hiyo inakupa karibu gramu 98, nusu ya shaba yote iliyomo. Shusha hadi 20, saa 3 kasorobo tena. Kisha 12. Mwisho wa hatua ya tatu umebakiwa na kama moja ya saba, gramu 0.15 hivi kwa lita, na maji yamepauka. Ukiwasha saa 12 jioni, saa 8 na robo usiku kazi imekwisha, na rektifaya zenye saa ya kujishusha zenyewe zipo. Kuendelea baada ya hapo ni kuichomea oksijeni umeme. Kilichobaki kitolee kwa chokaa: pandisha pH hadi 9 hivi, shaba itaganda kama tope la buluu, uichuje.

Kwa maoni yangu hata hivyo, hewa ni nusu ya dawa tu, na nusu nyingine haina gharama. Weka tangi dogo la suuza lisilotiririka mara tu baada ya beseni la shaba, bidhaa zizamishwe humo kwanza kabla ya kwenda kwenye maji yanayotiririka. Tangi hilo litajikusanyia shaba mpaka lifike gramu 5 au 10 kwa lita. Hayo ndiyo maji ya kuleta kwenye umeme. Hewa inakupa mara nne. Ukolezi wa gramu 8 unakupa mara nane, na unazidishana na hewa.

Hewa hiyohiyo inayokoroga pia inapasuka juu. Kila kiputo kinapopasuka hurusha vitone vya asidi, na karakana itaanza kukuwasha kooni na kutoboa nguo zako. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka ukungu wa asidi ya salfuriki kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 1992. Tawanya vipira vya plastiki juu ya maji vifunike uso wote, tabaka mbili ni bora kuliko moja, na tangi likae karibu na dirisha lenye feni inayovuta nje. Miwani na glavu nadhani unazo. Na anodi: hukusema ni za nini. Kama ni stenlesi kama kathodi zako, zinaliwa polepole na kukurudishia kromu na nikeli majini. Tumia risasi, au titani iliyopakwa oksidi kama utaipata.

Faida moja ya hewa ambayo watu hawaitaji: inapunguza makali ya haidrojeni. Ampea 59 zile ulizokuwa unapoteza zilikuwa zinatoa lita 27 za haidrojeni kila saa, na haidrojeni hulipuka ikifika asilimia 4 hewani. Pampu yako inatoa lita 3,600 kwa saa, kwa hiyo hata siku ukisahau ampea juu, mchanganyiko unaotoka unabaki chini ya asilimia 1. Lakini ni pampu ikiwa inafanya kazi, na tangi likiwa halina mfuniko.

Kwa hiyo pampu na rektifaya viwe kwenye swichi moja. Umeme ukiwaka bila hewa una haidrojeni. Hewa ikiwaka bila umeme ni hasara ya aina nyingine: asidi na oksijeni vikiwa pamoja vinairudisha shaba majini, na utakuta asubuhi maji yamerudi buluu kama hukufanya kitu. Na umeme ukikatika, vyote vikazima pamoja, asidi itapanda ndani ya bomba kuifuata pampu. Kwa hiyo mpira unaotoka kwenye pampu upandishe kwanza, upite angalau nusu mita juu ya uso wa maji, ndipo ushuke tangini, na pampu yenyewe iwekwe kwenye rafu, isikae sakafuni. Valvu ya kuzuia kurudi ni nzuri kuongeza, ila fuwele za mrututu huikwamisha upesi ikaacha kufunga. Kimo cha mpira hakizibiki.